Plastiki nyeusi za nje: kwa nini rangi hubanduka

Umeuliza kwa nini rangi nyeusi uliyopuliza kwenye pembe za bampa na mikanda ya milango ya gari inatoka kama ganda la kitunguu. Rangi yenyewe huenda haina kosa. Plastiki hizo aghalabu ni polipropilini, na rangi ya kawaida haina pa kushika hapo hata uso uwe msafi namna gani.

Geuza kipande usome alama ya nyuma. Ikiwa ni PP (yaani polipropilini) au PP+EPDM (polipropilini iliyochanganywa na mpira), lazima utangulize praima ya kushikisha ya plastiki, ile isiyo na rangi. ABS, aina nyingine ya plastiki, haina ukaidi huo, ila usiifute kwa thina kali, maana inayeyusha uso na baadaye hupasuka.

Kazi kubwa ni kuondoa silikoni inayoachwa na mafuta ya kung'arisha plastiki. Osha kwa maji moto, sabuni na brashi ya nailoni, acha ikauke, kisha futa kwa dawa ya kuondoa nta na grisi: kitambaa kimoja chenye dawa, kingine kikavu kikifuata kabla dawa haijakauka. Fanya hivyo KABLA ya kusugua, la sivyo unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo. Ikibaki, rangi itafunguka vishimo vya mviringo. Ukiviona, usiongeze rangi juu. Acha ikauke, usugue, uanze tena na kufuta.

Plastiki yenye uso laini, usio na chembechembe, isugue kwa msasa wa maji namba 400, umalizie 600. Yenye chembechembe usiiguse kwa msasa, utaifanya mabaka ya kung'aa. Tumia pedi ya kijivu ya kusugulia.

Praima ya kushikisha ni koti moja jepesi, na rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Rangi ya nusu mng'ao ipulize kutoka sentimita 25 hivi, makoti matatu membamba, ukipumzisha dakika 10 kati yake. Koti la kwanza liwe ukungu tu, plastiki bado inaonekana. Wengi huharibu hapa kwa haraka ya kuona weusi. Siku ya unyevunyevu mwingi ahirisha, rangi hupata weupe. Ukichagua rangi ya kuchanganywa na hadna (kigumishi) yenye isosayanati, kemikali inayodhuru mapafu, barakoa ya vumbi haikukingi nayo.

Fremu za madirisha za alumini ni habari nyingine: palipobaki alumini tupu panataka praima ya asidi kwanza.

Kama plastiki imegeuka kijivu tu na haijachunika, mimi nisingeipaka rangi kabisa. Dawa ya kurudisha weusi inayokauka na kuganda inatosha. Hita ya hewa moto nayo hurudisha weusi, lakini si wa kudumu, na ukituliza mkono mahali pamoja kipande kinapinda.

Klipu kuukuu, vile vibanio vinavyoshika kipande kwenye gari, huvunjika zikiwa baridi, hivyo pasha kipande moto kidogo kabla ya kukichomoa, na uwe na klipu za akiba.