Maswali yenu: altrasaundi ya ubongo, na ile video mnayonitumia

Wiki hii hapa Lamu simu yangu haijalala, kila mtu ana swali la "kansa ya ubongo bila kisu". Mmeambiwa altrasaundi, yaani mawimbi ya sauti, inaitibu. Nimechagua machache. Wa kipandauso msiniulize tena, nshajibu mara tatu: haitibu kipandauso.

Kijana wa Shela: Mzee, kwenye ile video mgonjwa kavalishwa kofia kubwa ndani ya MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, kutoka hapo anashika glasi ya maji wala haimwagiki. Ndiyo dawa mpya ya kansa ya ubongo?

Mwanangu, umesoma maneno ya aliyeituma, mgonjwa mwenyewe hukumtazama. Yule alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono, kansa hana. Marekani waliruhusu mtetemeko huo utibiwe kwa altrasaundi mwaka 2016, wanaunguza sehemu ndogo sana katikati ya ubongo, na wengi wanapata nafuu kweli. Sasa mtu kaichukua video ya mtetemeko kaiandika kansa, nyinyi mwairusha tu kwa kila grupu hadi la harusi.

Bi wa Mkomani: Kwani ile mashine ya kupimia wajawazito haiwezi kuwekwa kichwani ikatibu?

Hapana mamangu. Ile kazi yake ni kusikiliza mwangwi tu.

Fundi wa Matondoni: Sauti itaunguzaje huko ndani, na ngozi ya nje isiungue?

Hili ndilo swali. Chukua siku ya Maulidi, kijana mmoja akipita uchochoroni na tari yake wala husikii ukiwa ndani, lakini wakikutana wote pale msikiti wa Riyadha, kifua chako kinatikisika. Ile kofia ina vipaza sauti vidogo 1,024, kila kimoja kinatuma mawimbi hafifu yanapita bila kudhuru, yanakokutana ndipo panapopata moto, nyuzi 55 hadi 60 hivi kwa wale wa mtetemeko. MRI inaangalia joto papo hapo. Tatizo ni fuvu, nawe fundi wajua mbao haziwi na unene mmoja, basi na mfupa hivyo hivyo, unapinda mawimbi na wenyewe unashika joto, ndiyo maana kichwa kinazungushiwa maji baridi na kabla ya yote unapigwa CT, picha ya eksirei ya kichwa kizima, ili kompyuta ipige hesabu ya mfupa wako wewe.

Na hapa ndipo kansa inapogoma. Kofia inalenga vizuri katikati ya kichwa, uvimbe mwingi uko pembeni karibu na mfupa. Halafu ile kansa kali, glioblastoma, haikai kama kokwa ukasema utalitoa, imeshatuma mizizi ndani ya ubongo usio na ugonjwa. Utaunguza wapi uache wapi?

Mwalimu wa Faza: Sasa kama kuunguza ni shida, wanaihangaikia ya nini?

Kwa sababu ya mlango, mwalimu. Mishipa ya damu ya ubongo si kama ya mguu, kuta zake zimebanana kweli kweli, dawa nyingi za kemo, yaani dawa za kuua kansa, zinafika hapo zinarudi. Ile ya kemo iitwayo temozolomaidi inatumika kwa sababu yenyewe angalau inapenya. Kuna dawa zinaua hii kansa kwenye chupa za maabara vizuri sana, lakini mwilini hazifiki ubongoni.

Basi wanakudunga kwenye mshipa vipovu vidogo vya gesi, vidogo kuliko chembe ya damu, aina hii hii tunaitumia kupimia moyo. Vikipita pale sauti ilipolengwa vinacheza, vinatanuka na kusinyaa, vinasukuma ukuta mpaka unaachia. Hapa nguvu ya sauti ni ndogo, hakuna kuunguza. Dawa inaingia, na kwa kama siku moja ukuta umejifunga tena. Toronto ndiko walikofanya hivi kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo mara ya kwanza bila kupasua, mwaka 2015. Wafaransa wana njia yao, kifaa kinapandikizwa kwenye fuvu, na Chicago wamekitumia kupitisha dawa ya kemo iitwayo paklitakseli, wakachapisha 2023. Lakini kupandikiza ni kisu, msiniletee hiyo mkasema bila kisu.

Kufungua mlango wameweza, MRI inaonyesha. Kwamba mgonjwa ataishi zaidi, hilo ndilo linalojaribiwa. Kwa glioblastoma matibabu bado ni upasuaji, mionzi na temozolomaidi, na hata hivyo nusu ya wagonjwa hawavuki miezi 15 hivi. Nasema wazi kwa sababu anayewauzia matumaini hawaambii hili.

Hakutaka jina, Pate: Kaka yangu kichwa chamuuma mwezi wa nne, asubuhi hutapika, na juzi alianguka akatetemeka mwili mzima. Tumemnywesha kombe, maji ya aya za Kurani. Dalali asema tuuze shamba tumpeleke nje akafanyiwe hii altrasaundi.

Ndugu yangu, kombe sina neno nalo, mnywesheni. Lakini miezi minne! Kichwa cha asubuhi pamoja na kutapika, na kifafa kwa mtu mzima ambaye hajawahi, hivyo havingojwi. Leo hii, si baada ya Ijumaa, aonwe na daktari aandikiwe CT ya kichwa, kama ni kuvuka Mokowe mpaka Malindi au Mombasa, vukeni. Akianguka tena mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Huenda hata si kansa, mnalia kabla ya msiba, ubongo hupata jipu, hupata TB, hupata uvimbe usio kansa unaotolewa ukaisha.

Shamba msiuze. Tiba ya majaribio mtu husajiliwa na madaktari baada ya kusoma picha zake na jibu la kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwa maabara, na huyo dalali hajaona hata picha moja, maana hakuna. Mwambieni aandike jina la kansa anayotaka kuitibu, mtaona atakavyobabaika. Na hizo filamu za CT mkizipata msizikunje.

Sharifu wa Langoni: Ni lazima kunyoa kichwa?

Lazima, Sharifu. Nywele hushika hewa na altrasaundi haipiti penye hewa, ndiyo ile jeli baridi niliyokuwa nikiwapaka wake zenu tumboni mkinigombeza kwamba nawachafulia leso.