Jua letu halisubiri: maswali yenu kuhusu picha za miti na mandhari

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaopiga picha karibu na nyumbani: mbuyu wa mtaani, mikoko ya nyuma ya kijiji, mlima unaoonekana kutoka kibarazani. Kosa moja limejirudia. Wengi wanafuata mafunzo ya video yaliyotengenezwa Ulaya au Marekani, halafu wanashangaa mbona huku hayafanyi kazi. Tuanze na hilo.

Kila mwalimu wa mtandaoni anasema nipige picha "saa ya dhahabu", ile saa moja baada ya macheo. Mimi nikifika ufukweni Bagamoyo dakika 40 baada ya jua kutoka, mwanga umeshakuwa mkali. Nakosea wapi?

Kosa lako ni kumwamini mtu anayeishi chini ya jua jingine. Kwetu jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika 4 hivi. Ule mwanga wa rangi ya asali hudumu mpaka jua lifike kama nyuzi 6 juu ya upeo, na hizo ni dakika 25 tu. Zikipita dakika 40, kivuli kimeshakuwa kikali na rangi imekwisha. London mwezi Desemba, hata adhuhuri jua halipandi zaidi ya nyuzi 15, kwa hiyo mwalimu wako ana mwanga wa pembeni mchana kutwa.

Uwe umeshasimama mahali pako dakika 35 kabla ya macheo, stendi (miguu mitatu ya kamera) imefungwa na picha ya majaribio imepigwa. Rangi za mawingu mara nyingi hukolea kati ya dakika 20 na 10 kabla jua halijatokeza, na hapo ndipo wengi wanakuwa bado wanatafuta pa kuegesha pikipiki. Kwa ukanda wa Dar es Salaam na Bagamoyo, macheo hucheza kati ya saa 11:55 alfajiri mwezi Novemba na saa 12:35 asubuhi mwishoni mwa Juni.

Hata mahali linapotokea huhama. Juni jua hutoka nyuzi 23 kaskazini ya mashariki, Desemba nyuzi 23 kusini yake. Nyoosha mkono na ukunje ngumi: upana wa ngumi ni nyuzi 10 hivi. Kwa hiyo kati ya Juni na Desemba jua huhama karibu ngumi tano. Mnazi uliokaa sawasawa mbele ya jua Julai, mwezi wa Krismasi utaukuta pembeni kabisa.

Shikamooni. Niko Kilifi, natumia simu tu. Mbuyu wetu nikiupiga unatoka mweusi na mbingu nyeupe, na shina linaonekana limelala nyuma. Nifanyeje?

Marahaba. Hapo kuna shida mbili.

Mti kutoka mweusi ni kwa sababu mbingu ina mwanga mwingi kuliko shina na simu inajaribu kugawanya. Gusa skrini pale gome linapokutana na mbingu, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha buruta alama ya jua chini kidogo hadi mawingu yaonekane umbo. Washa HDR (simu huunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti kuwa moja). Muhimu kuliko yote, usipige ukiwa umelielekea jua. Gome la mbuyu ni laini, la kijivu, lina mikunjo kama ngozi ya goti la tembo, na mikunjo hiyo huonekana tu mwanga unapoingia kwa ubavu. Jua likiwa mgongoni kwako picha inakuwa bapa, likiwa mbele yako unapata kivuli cha mti, nacho kizuri tu kama ndicho ulichokusudia.

Shina kulala nyuma kunatokana na kuinua simu. Ukishainamisha lenzi kuelekea juu, mistari iliyo wima huanza kukutana kileleni. Dawa ni kurudi nyuma huku simu ikiwa wima kabisa. Kwa kamera kuu ya simu za kawaida na mbuyu wa mita 20, utahitaji umbali wa mita 26 hivi, kama hatua 38 za mtu mzima. Nusu ya chini ya picha itajaa nyasi na barabara. Ikate baadaye. Usikimbilie ile lenzi pana ya 0.5, maana inavuta pembe na kufanya shina lifanane na chupa iliyopondwa. Ukitaka watu waone ukubwa wa mti, mweke mtu agusane na shina. Akisimama mita tatu mbele yake, mbuyu unapungua.

Kabla ya yote hayo futa lenzi. Jasho la kiganja na chumvi ya bahari ndivyo vinavyotia ule ukungu ambao watu huulaumu kwa ubovu wa simu.

Na kwa kuwa unao karibu: maua ya mbuyu hufunguka jioni, popo huyachavusha usiku, na kesho yake yameanza kunyauka. Ukiona vichipukizi vya mviringo vinavyoning'inia vimenenepa, rudi jua linapozama ukiwa na tochi ndogo. Imulike kwa ubavu, usitumie flashi.

Nataka kupiga picha mizizi ya mikoko Kunduchi. Mara mbili nimekwenda nikakuta maji yamefunika kila kitu, mara ya tatu tope tupu lisilo na maji hata kidogo. Kuna kanuni?

Ipo, na wavuvi wanaijua kwa kichwa. Unachohitaji ni maji nusu, yaliyobaki kwenye vidimbwi kati ya mizizi ili upate taswira ya mti ndani ya maji, tena saa yenye mwanga mzuri. Mambo hayo mawili hukutana siku chache tu kila mwezi.

Pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua (mwezi mpevu na mwezi mpya), maji hujaa karibu na saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Kila siku muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu maji yanakuwa yamejaa pomoni jua linapochomoza, na bila shaka ndiyo siku ulizokwenda. Kwa macheo yenye maji nusu, nenda siku ya bamvua yenyewe, ambapo maji yaliyojaa saa 10 alfajiri yanakuwa yanatoka. Saa 1 asubuhi yameshashuka nusu na yanaendelea kushuka, jambo ambalo ni salama kwako. Hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji la bandari iliyo karibu.

Usalama wenyewe ni huu: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne pekee hubeba nusu ya kina chote. Kama tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, basi mita moja na nusu huingia ndani ya saa mbili. Tena huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako huku pale uliposimama pakiwa bado pakavu. Maji yakigeuka, una saa moja ya kukusanya vitu na kuondoka. Kandambili ziache nyumbani, tope huzimeza. Vaa raba za kufunga kwa kamba, kwa sababu mizizi ya mchu inayochomoza kama penseli hutoboa unyayo.

Jifunze kutofautisha miti pia, maana kila mmoja una picha yake. Mkoko wenyewe ndio wenye mizizi ya upinde kama miguu ya buibui. Huo upige kamera ikiwa sentimita 30 tu juu ya tope, ili matao yasimame mbele ya mbingu. Mchu na mliana hupendeza ukitazama chini, zile safu za mizizi zikitupa vivuli virefu asubuhi. Majani ya mikoko hung'aa kama yamepakwa mafuta, kwa hiyo filta ya polaraiza husaidia: izungushe taratibu mpaka mng'ao ufe na kijani kirudi, lakini angalia usifute na taswira iliyo majini. Malizeni kazi kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Upepo wa bahari ukianza, vidimbwi hukunjamana na taswira inavunjika, hasa msimu wa kusi.

Na tafadhali, tawi likiziba fremu, hama wewe. Kukata mikoko bila kibali ni kosa kisheria.

Nakaa Moshi. Kwa nini Kibo kwenye picha zangu ni kama kivuli cha buluu, wakati kwenye kalenda kinametameta?

Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, umbali wa kilomita 30 hivi, na unachokiona ni upande wa kusini wa mlima. Juni na Julai jua hupita kaskazini ya Kilimanjaro, kwa hiyo uso ulio kwako uko kivulini sehemu kubwa ya siku. Desemba hadi Februari jua hupita kusini, na macheo yake yanaupiga uso huo sawasawa. Huo ndio msimu wako, na Januari na Februari hewa mara nyingi huwa kavu vilevile. Jamaa wa Loitokitok na Amboseli, kaskazini ya mlima, wao wana kalenda iliyo kinyume.

Piga kabla ya saa 3 asubuhi, mawingu hayajajikusanya kiunoni mwa mlima. Asubuhi baada ya mvua ya usiku ndiyo bora, kwa kuwa vumbi na moshi wa mashambani vimesafishwa. Lenzi ya milimita 200 hukijaza Kibo kwenye fremu. Kwa kamera yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko ile ya fremu nzima), milimita 135 zinatosha. Kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) isiwe chini ya 1/250 ya sekunde kama umeishika kwa mikono. Kwa simu, tumia zumu ya lenzi halisi tu (2 au 3, kulingana na simu). Zaidi ya hapo simu inakata na kupanua, na theluji inakuwa uji.

Jakaranda za Nairobi kwenye simu yangu zinatoka buluu. Kwa macho ni zambarau.

Simu husahihisha rangi peke yake na zambarau huipotosha. Kwenye kamera ya simu, upande wa kujipangia mwenyewe (Pro), weka mizania ya rangi kwenye "mawingu", au Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500 hadi 6,000. Piga siku ya mawingu mepesi, lakini usiyaweke maua mbele ya mbingu nyeupe: tafuta ukuta wenye kivuli au mti wa kijani nyuma yake. Zulia la maua chini lifuate Oktoba asubuhi na mapema, kabla wafagiaji hawajapita.

Sina pesa ya stendi. Kuna njia?

Shona mfuko wa kitambaa, tia nusu kilo ya maharage, funga. Uweke juu ya ukuta au boneti ya gari (injini imezimwa), zamisha kamera humo, tumia kipima muda cha sekunde 2. Inatosha hadi sekunde kadhaa za shata. Majani yakicheza na upepo, hata stendi ya bei mbaya haikusaidii: panda hadi 1/250 na uruhusu ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ifike 800.

Lenzi yangu imeota kitu kama utando wa buibui ndani. Niko Tanga. Naweza kuisafisha mwenyewe?

Hiyo ni kuvu, ugonjwa wa pwani. Ikiwa ndani ya vioo, mpelekee fundi mapema. Kuvu ikikaa muda hutoa asidi inayokula ngozi nyembamba ya kioo, na alama hiyo haitoki tena. Lenzi iliyoambukizwa usiiweke kasha moja na nzima.

Nzima zilinde hivi. Kuvu hupenda unyevu wa hewa unaozidi asilimia 60, gizani, pasipo hewa. Yaani hasa ule mkoba wa ngozi kabatini. Nunua kasha la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, la lita 10 hivi, tia gramu 100 hadi 200 za silika jeli ya kubadilika rangi (punje za kunyonya unyevu), na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba: imwage kwenye sufuria kavu, moto mdogo kabisa, ukikoroga mpaka rangi irudi, au oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele usitumie. Unyevu unaonyonya ni kidogo, na vumbi lake huingia kwenye pete za lenzi.

Kama unalala na kiyoyozi, kamera ikitoka nje alfajiri itafunikwa na umande papo hapo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado chumbani, uifungue nje baada ya dakika 30. Ndiyo, dakika 30 hizo ziongeze juu ya zile 35 za kabla ya macheo.

Je, nahitaji ruhusa kupiga picha mti?

Wa barabarani, kwa kawaida hapana, ila usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, ikulu na mitambo ya ulinzi. Msitu wa hifadhi una geti na kiingilio. Uliza papo hapo ada ya kuingia na kamera. Droni ni habari nyingine: vibali hutolewa na mamlaka za usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, na usirushe kabla hujavipata.

Ukiona mbuyu una vitambaa vyekundu au vyeupe vimefungwa, vyungu na sarafu chini yake, hapo pana wenyewe. Mtafute mzee wa karibu, msalimie, mweleze. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, haiingiwi bila wazee. Kaya Kinondo, kusini mwa Mombasa, hupokea wageni wakiongozwa, na utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Mwulize anayekuongoza ni wapi kamera ibaki begani.