Dada yuko kwenye basi, kaka anachovya kidole: nikate wapi?

SWALI: Kaka shikamoo. Mi niko Mbeya, Mwanjelwa, tumeshuti muvi fupi na washkaji ya dakika 15. Kaka mtu anataka kuuza shamba la mpunga la urithi kule Igurusi, yuko kwa mtendaji anataka kuweka dole gumba, mdogo wake wa kike kapata habari akiwa Makambako akapanda basi kuja kuzuia, barua ya marehemu baba yao anayo kwenye mkoba. Mwanzo niliweka sini zote za kaka halafu zote za dada, watu wakaanza kuchezea simu. Nikaambiwa tumia kroskatingi, yaani kurukaruka kati ya sini za sehemu mbili zinazotokea wakati mmoja, nikawa nakata kila sekunde mbili huku na kule, sasa wanasema hawaelewi kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na kamwene kutoka huku Iringa! Stori nimeipenda sana, na hilo kosa la kwanza usilionee aibu kabisa. Mwaka 1903 kule Marekani Edwin S. Porter alitoa muvi ya Life of an American Fireman, zimamoto wanamuokoa mama na mtoto kwenye nyumba inayoungua, akaonyesha uokoaji wote kutokea ndani ya chumba, ulipoisha akaanza upya uokoaji uleule kutokea nje. Miaka sita tu baadaye, 1909, D.W. Griffith kwenye The Lonely Villa majambazi wanavunja nyumba, mama na mabinti wamejifungia ndani, baba yuko mbali kapata habari kwa simu anawahi kurudi, na yeye hakusubiri upande mmoja uishe, akawa anaenda mlangoni, kwa mama, kwa baba njiani, anarudi tena mlangoni.

Sasa wewe ulichokosa ni sababu ya kukata. Saa haikati muvi, swali ndo linakata. Swali lako ni moja tu, je dada atafika kabla dole halijagusa karatasi? Kwa hiyo kila ukiondoka upande mmoja acha kitu hakijaisha, mtendaji kafungua kidau cha wino, kata, basi limesimama mizani na konda kashuka na makaratasi, kata, kidole kimeshachovya wino ila kaka anauliza hela zipo zote, kata, dada anachungulia dirishani kaona kibao cha Chimala. Mwanzoni kaa hata nusu dakika kila upande tuwajue hawa watu, ukikaribia mwisho ndo fupisha fupisha. Ukianza na sekunde mbili mbili huna tena pa kuongezea mbio.

Halafu angalia jua! Kama kwa mtendaji kivuli ni cha saa sita na kwenye basi kunaonekana jioni, hakuna atakayeamini ni muda mmoja, heri urudi ushuti upya hizo shoti za basi. Na sauti usiisahau, mtendaji akianza kusoma mkataba acha sauti yake iendelee tukiwa tunamuona dada ndani ya basi, hiyo peke yake inawashona pamoja.

Kingine, kroskatingi sio mbio tu. Kwenye The Godfather ya 1972 Michael, bosi mpya wa familia ya mafia, yuko kanisani kasimama kama baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake, anakubali kumkataa shetani, huku watu wake wanaua maadui zake, kinanda cha kanisa kinaendelea juu ya zile risasi. Hakuna anayemuwahi mwenzake pale, zile sini mbili zinamshtaki mtu mmoja, na mimi naona ndo matumizi mazito kuliko yote. Wewe una barua ya baba, muonyeshe dada anaisoma kimya kimya pale kaka anapohesabu noti, hapo huhitaji hata maneno.

Dada akishaingia ofisini wote wawili wako kwenye fremu moja, hapo acha kukata mpaka mmoja wao aongee.