Doa jeusi kwenye picha ya ubongo si lazima liwe seli hai

Tangu niandike habari za kiharusi, simu haijapoa. Wengi mmeuliza kuhusu seli shina, zile seli changa zinazoweza kukua zikawa seli za aina nyingine. Leo nawajibu baadhi yenu.

Kaka yangu amepooza upande mmoja. Kuna mtu anatuuzia seli shina za kutundikiwa kwa dripu, anasema zitakwenda moja kwa moja kichwani na MRI itazionyesha. Ni kweli? (Dada, Mbagala)

Pole sana, dada. Si kweli. MRI ya kawaida, ile mashine inayopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, haiwezi kutenga seli ya kupandikizwa na seli za mgonjwa mwenyewe. Seli lazima itiwe alama kabla ya kuingia mwilini. Halafu seli zikipitia mshipa wa mkono, nyingi hunasa kwanza kwenye mapafu. Muulize huyo mtu ametia alama gani. Akibabaika, funga pochi.

Alama yenyewe ni nini? Kama ni chuma, sumaku ya MRI haitazivuta? (Mwanafunzi, Kinondoni)

Ni chembe ndogo mno za oksidi ya chuma, mara nyingi zimevikwa aina ya sukari iitwayo dekstrani. Seli huzimeza maabara, kisha daktari hudunga seli hizo ubongoni. Kwenye picha zinatokea kama doa jeusi. Seli moja hubeba chuma kama pikogramu 10 hadi 30 (pikogramu milioni moja ndiyo mikrogramu moja, na mikrogramu milioni moja ndiyo gramu moja), kwa hiyo seli milioni moja hazifikishi hata mikrogramu 50, wakati mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma. Hakuna kitakachong'oka. Vyuma vya kuogopa ni vile watu wanavyokuja navyo mlangoni mwa chumba chetu cha MRI. Juzi bibi mmoja alivua hereni, bangili na pete, akaapa amemaliza; tulipofungua kilemba tukakuta pini sita. Hizo ndizo zinazoruka.

Mwaka 2006 madaktari wa Shanghai waliripoti mgonjwa aliyejeruhiwa ubongo, ambaye seli zake mwenyewe zilitiwa chembe hizo na kupandikizwa. MRI ikaonyesha alama ikisogea kutoka zilipodungwa kuelekea kwenye jeraha.

Basi doa likiendelea kuonekana, seli ziko hai? (Fundi gereji, Tandika)

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hata wenye digrii. Wewe fundi utanielewa upesi. Ule mstari wa rangi ubavuni mwa daladala unakuambia gari ni la njia gani. Siku gari likifa, likakatwa vyuma chakavu, bati lenye mstari unaweza kulikuta limekuwa ukuta wa banda la chipsi. Mstari upo, daladala hakuna.

Seli ikifa, chuma chake hubaki. Seli walinzi wa mwili humeza mabaki na kutembea nayo, na picha huonyesha doa lile lile. Damu iliyovujia ubongoni nayo huacha chuma, kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi au wa ajali ya bodaboda anaweza kuwa na madoa meusi bila kupandikizwa chochote. Tena seli hai ikigawanyika, chuma hugawanywa, doa hufifia. Yaani doa linaweza kudumu seli zikiwa zimekufa, na likapotea zikiwa zinastawi! Ndiyo maana watafiti wengine huziwekea seli jeni maalumu, ambayo hutoa ishara pale tu seli inapofanya kazi, na hurithiwa na seli wana.

CT haitoshi? Bei yake afadhali. (Msomaji, Kigamboni)

Kwa kazi hii, hapana. CT, ile picha ya eksirei inayopigwa kwa vipande, ni hodari wa damu na mifupa.

Mimi nina Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Nasikia Wajapani wamepandikiza seli. Walijuaje kama zimeshika? (Mzee, Temeke)

Shikamoo mzee. Ni kweli, matokeo ya Kyoto yalichapishwa mwaka 2025, wagonjwa 7. Walitumia PET, kipimo kinachoonyesha kazi ya seli: mgonjwa hudungwa dawa iitwayo fluorodopa yenye mionzi kidogo, na seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwa wenye Parkinson, huichukua. Sehemu iliyopandikizwa iking'aa kuliko mwanzo, kuna kazi inafanyika, na hilo kwangu lina uzito kuliko doa. MRI ilitumika kuangalia kama pameota uvimbe. Hofu hiyo si ya bure: mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana aliyepandikizwa seli za vijusi huko Moscow, akaota uvimbe uliotokana na seli hizo.

Huo ulikuwa utafiti, mzee. Kwa sasa usiruke saa za levodopa, dawa yako ya Parkinson.