Protini Zinavyozitambua Ncha za Kromosomu: Maswali ya Wasomaji

Sisi wa kidato cha sita hapa Iringa tumefundishwa kwamba bezi za DNA, yaani herufi zake A, T, G na C, zimekaa katikati, zikishikana jozi kwa jozi. Protini huzisomaje bila kuzitenganisha nyuzi mbili?

Ni kweli zimekaa katikati, lakini hazikufunikwa zote. Nyuzi mbili zinapojisokota huacha mifereji miwili, mmoja mpana na mwingine mwembamba, na humo kingo za bezi hubaki wazi. Kromosomu ni DNA ndefu iliyofungwa ndani ya seli; kwa binadamu, ncha yake, yaani telomia, ni mfuatano wa TTAGGG unaojirudia mara nyingi sana, nao hushikwa na protini ziitwazo TRF1 na TRF2. Kila moja ina kipande kidogo chenye misokoto mitatu, na msokoto wa tatu hulala ndani ya mfereji mpana, huku mkia mfupi wa kipande hicho ukiingia katika mfereji mwembamba. Tazameni arjinini, mojawapo ya amino asidi zinazoijenga protini, yenye chaji chanya: ikikabiliana na guanini, yaani bezi G, huweza kufunga nayo bondi mbili za haidrojeni kwa wakati mmoja, ulinganifu ambao haiupati kwa bezi nyingine. Hapo ndipo ulipo utambuzi wenyewe. Fosfati za DNA, kwa chaji yao hasi, huivuta protini popote inapopita, kwa hiyo mvuto huo peke yake hauwezi kuionyesha ncha iko wapi. Isitoshe, protini hizi hufanya kazi zikiwa mbili mbili, na vipande viwili vikishika kwa pamoja mshiko huwa imara kuliko wa kimoja.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, Mafinga. Mwishoni kabisa uzi mmoja huzidi mwenzake. Je, TRF1 huushika na huo?

Hapana, Mwalimu. TRF1 inahitaji DNA yenye nyuzi mbili. Uzi uliozidi hushikwa na POT1, ambayo huulaza katika mfereji ulio kwenye mwili wake yenyewe na kuzigusa bezi moja kwa moja, kwa kuwa hapo hazina jozi. Herufi kumi, TTAGGGTTAG, zinaitosha. Tena, mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba uzi huo huweza kurudi nyuma na kujipenyeza katika sehemu yenye nyuzi mbili, ukafanya kitanzi, na TRF2 husaidia kukiunda. TRF2 ikiondolewa, seli huiona ncha kuwa ni DNA iliyokatika, nayo huiunganisha na ncha ya kromosomu nyingine.

Hapa Mbeya nimeuziwa vidonge vya kurefusha telomia. Vinafaa?

Ninakusihi usiendelee kutumia fedha yako humo. Telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomia, huwa hai katika saratani nyingi, na kurefuka kwa telomia si jambo la heri wakati wote.

Mkulima wa Uyole ninauliza: mahindi nayo yana ncha za namna hiyo?

Yanazo, ndugu yangu, na elimu hii inadaiwa na mahindi shukrani kubwa. Katika miaka ya 1930 na 1940 Barbara McClintock, mtafiti wa jenetiki huko Marekani, aliona kwamba kromosomu za mahindi zilizovunjika huungana mahali zilipovunjika, kisha huvunjika tena seli inapogawanyika, ilhali ncha za asili haziungani. Mahindi yana kromosomu 20, hivyo ncha 40, na mfuatano wake ni TTTAGGG, herufi moja zaidi ya wetu. Protini za mimea zinazoushika zina kipande cha jamii ileile ya kile cha TRF1.