Foleni ya siku ya uzinduzi: piga hesabu kabla ya kubeba kiti

Ukitaka kupanga foleni ununue simu au kifaa kipya siku kinapozinduliwa, kabla hujafikiria viatu na maji ya kunywa, hakikisha duka litakuwa na mzigo siku hiyo. Apple Watch, saa janja ya Apple, ilipotoka tarehe 24 Aprili 2015, wateja walitakiwa kuagiza mtandaoni. PlayStation 5, mashine ya michezo ya video, nayo ilipokaribia kutoka Novemba 2020, Sony ilitangaza kuwa siku ya uzinduzi hakuna hata moja itakayouzwa dukani, kwa sababu ya korona. Kukesha mlangoni kwa kifaa kama hicho ni kujitesa bure.

Kwa hiyo nenda dukani siku mbili tatu kabla. Usiulize "mtakuwa nazo?", maana utajibiwa ndiyo na hutakuwa umejua lolote. Uliza kama kuna mzigo wa wasioagiza, au zote zimeshalipiwa. Uliza mtu mmoja anaruhusiwa kuchukua ngapi, watu wanaruhusiwa kuanza kupanga saa ngapi, na nani anasimamia foleni usiku. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Kama duka liko ndani ya jengo la biashara, walinzi wa jengo wanaweza kumfukuza kila mtu saa sita usiku na foleni ikaanza upya alfajiri kwenye lango lingine. Aliyekuwa wa tano anajikuta wa arobaini, na hana wa kumlalamikia.

Ukishajua idadi, piga hesabu. Chukua mfano wa duka lenye simu 60, na kila mtu anaruhusiwa mbili. Ukiwa wa 31, huna uhakika wa kitu. Lakini simu 60 si za aina moja. Zikigawanywa kwa rangi tatu na saizi mbili za hifadhi (nafasi ya kuweka data), unapata makundi sita, na kundi unalolitaka wewe linaweza kuwa na simu 8 tu. Watu wanne wakichukua mbilimbili, limekwisha, wakati foleni ndiyo kwanza imeanza kusogea. Rangi mpya ya mwaka huo ndiyo inayokimbiliwa, na hifadhi kubwa kabisa mara nyingi huletwa chache. Andika chaguo lako la kwanza, la pili na la tatu, kisha andika na ile usiyoitaka hata ukipewa. Uamuzi huo ufanye ukiwa nyumbani umetulia. Mbele ya kaunta, ukiwa hujalala na watu wanakusukuma mgongoni, utachukua chochote.

Kuhesabu vichwa nako kuna mtego. Wengine wamemsindikiza mtu na hawanunui. Wengine wanashikia nafasi watu watatu watakaokuja asubuhi. Walanguzi huja kwa kundi, kila mmoja na pesa ya kuchukua idadi yote inayoruhusiwa. Salimia walio mbele yako na waulize waziwazi wanachukua ngapi na za aina gani. Katika foleni ya usiku mzima watu huambizana, na dakika kumi za mazungumzo zitakupa picha halisi.

Angalia pia umesimama kwenye foleni ipi. Maduka mengi huweka mbili, ya walioagiza mapema na ya wanaokuja mkono mtupu, na gizani zinafanana. Muulize mfanyakazi wa duka. Aliye mbele yako huenda naye amefuata mkumbo.

Usiku kuna karatasi ya majina inayoandikwa na waliopanga foleni wenyewe. Jiandikishe, itakusaidia ukienda chooni, ila jua kwamba duka halilazimiki kuitambua. Kinachohesabika ni tiketi au kitambaa cha mkononi kinachogawiwa na wafanyakazi, na hapo anayepewa ni aliyesimama mahali pake. Kugawa kunaweza kuanza muda mrefu kabla mlango haujafunguliwa, kwa hiyo choo, chai na kunyoosha miguu vimalize mapema. Ukipewa tiketi, soma: je, imeandikwa aina na hifadhi uliyotaja, au ni namba ya foleni tu? Ya kwanza inakuwekea simu yako, ya pili inakupa zamu.

Kuhusu mwili si mengi: kiti cha kukunja, sweta au koti hata kama mchana ni joto, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na maji kidogo kidogo. Pawabenki ya mAh 10,000 (kipimo cha chaji ya betri) inatosha, ingawa haitatoa yote 10,000. Namba hiyo hupimwa kwa umeme wa betri ya ndani, karibu volti 3.7, na katika kuupandisha hadi volti 5 sehemu inapotea. Tegemea kuijaza simu ya mAh 5,000 mara moja na kubaki na akiba.

Pesa ndiyo inayowakwamisha watu dakika ya mwisho. Kadi na pochi ya simu vina kikomo cha matumizi kwa siku, na bei ya kifaa kipya inaweza kukivuka. Piga simu benki siku moja kabla, waambie kiasi na waombe wapandishe kikomo, na beba njia ya pili ya kulipa. Ukinunua kwa mkopo au mkataba wa laini, mwenye akaunti lazima awepo na kitambulisho chake. Jina la kwenye oda lifanane na la kwenye kitambulisho.

Ukikosa, usimkimbilie mlanguzi nje ya mlango. Uliza dukani kama oda zisizochukuliwa zitauzwa jioni, na mzigo unaofuata unakuja lini. Bei ya siku ya kwanza hata yenyewe haina uhakika: iPhone ya kwanza yenye GB 8 ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007 kwa dola 599, na mapema Septemba ilishushwa hadi 399.

Ukipata, soma lebo ya boksi kabla haijapitishwa kwenye mashine ya malipo. Fungua hapohapo kama unaruhusiwa. Piga *#06# na ulinganishe tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na zilizo kwenye boksi na risiti. Washa picha nyeupe tupu kisha nyeusi uone kama kioo kina doa, jaribu kamera zote, spika na kuchaji. Boksi na risiti vitunze. Simu ya Galaxy Note 7 ilianza kuuzwa tarehe 19 Agosti 2016, na tarehe 2 Septemba Samsung ilikuwa inataka zirudishwe kwa sababu ya betri kuwaka moto. Katika kurudisha kifaa, wenye risiti hawahangaiki kama wasio nayo.

Ukifika nyumbani, kuhamisha data nako kuna kikwazo chake. Simu mpya inaweza kuwa na mfumo endeshi wa zamani kuliko ulio kwenye simu yako, kwa sababu ilipakiwa kiwandani wiki kadhaa kabla. Nakala ya data iliyotoka kwenye mfumo mpya inaweza kukataa kushuka kwenye mfumo wa zamani, kwa hiyo sasisha simu mpya kwanza, ndipo urejeshe data. Laini ya eSIM, ile isiyo na kadi ya kuchomeka, ihamishe huku simu zote mbili zikiwa na chaji na intaneti. Programu za benki na zile zinazotoa namba za kuthibitisha akaunti hazihami zote pamoja na nakala, kwa hiyo fungua moja baada ya nyingine kwenye simu mpya na uingie kabisa. Simu ya zamani usiifute wala kuiuza hadi zote zimekubali.