Maswali Yenu: Nyumba zimekuwa nyingi, saiti imenishinda

SWALI: Hamjambo wapendwa. Mimi ni dalali wa nyumba za kupanga huku Kisauni na Bamburi. Nilijitengenezea saiti kwa Wix, zile za kuburuta picha na maandishi unaweka unapotaka, na mwanzo ilikuwa raha maana nyumba zilikuwa chache. Sasa zimepita 60, kila moja na peji yake, bei ikibadilika nabadilisha kwa peji ya nyumba, halafu peji ya mtaa, halafu ile ya mwanzo, na bado mtu ananipigia simu kuulizia nyumba iliyochukuliwa zamani. Kijana mmoja aniambia nihamie Drupal, mfumo mwingine wa kutengenezea saiti. Nihame ama nikae? – Dada wa Kisauni

JIBU: Pole na kazi dadangu. Hapo kinachokuchosha ni kuwa bei moja umeiandika mahali patatu. Kwa peji ya kuburuta ukiandika bei, tuseme 18,000, ni maandishi tu, kompyuta haijui kama hiyo ni bei ama ni nini. Kwa mfumo wenye mpangilio waanza kwa kusema nyumba ina nini: mtaa, bei, vyumba, maji baridi ama ya chumvi, iko wazi ama imechukuliwa, picha. Wajaza fomu mara moja, saiti yenyewe ndiyo inaipeleka ile bei kila inapotakiwa, na ukigusa "imechukuliwa" inatoka kote. Tena mteja aweza kuchuja, Bamburi, vyumba viwili, maji baridi, na wajua mwenyewe Mombasa hakuna anayeulizia nyumba asiulize maji.

Sasa hiyo Drupal. Iko tangu 2001 na kazi hii yaiweza sana, lakini kama huna mtu wa kuiangalia kila wakati mimi sikushauri. Oktoba 2014 lilitangazwa tundu la usalama kwenye Drupal 7, la kupitisha wezi wa mtandao, na wenye Drupal wakasema saiti yoyote ambayo haikuzibwa ndani ya masaa 7 ihesabiwe imeshaingiliwa. Masaa 7 dadangu, na wewe uko Mtwapa waonyesha mtu nyumba! Kwa Wix kazi ya kuziba wanafanya wao, na hilo watu hawalipi uzito kabisa.

Kwa hivyo anzia hapo hapo ulipo. Wix nayo siku hizi ina sehemu ya kuweka data kama jedwali, halafu watengeneza peji moja tu inayojirudia kwa kila nyumba. Ila kabla hujagusa chochote fungua Excel, mstari mmoja nyumba moja, bei iwe namba tupu, usiandike "elfu kumi na nane tutaongea", na mtaa uandike vile vile kila mara. Jedwali hilo utaliingiza Wix leo, na siku ukiamua kuhama utaliingiza WordPress, mfumo mwingine wa saiti, ama hiyo Drupal, kwa sababu zile peji zenyewe za Wix huwezi kuzibeba ukaenda nazo kwingine. Na domeini, yaani lile jina la saiti watu wanaloandika kuifungua, hakikisha imesajiliwa kwa jina lako, si la yule kijana.

SWALI: Nina mkahawa Likoni, nataka menyu, ramani na namba ya WhatsApp. Nahitaji mfumo mkubwa? – Kaka wa Likoni

JIBU: Huhitaji kaka. Peji mbili tatu za kuburuta zatosha, ila menyu iandike kwa maandishi usiweke picha ya karatasi, maana kwa simu mtu apata taabu kuivuta ndio aone bei ya biriani.